Blauzi ya Mma Sebego

Mma Sebego wa Kuruman, kule Afrika Kusini, hakuwahi kugusa sigara maishani mwake, na hilo ndilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Maana tangu aambiwe ana kansa ya mapafu, kinamama wa umoja wa kanisa walishaamua: huyu kavuta kwa siri. Mwenyekiti wao, Mma Montsho, akatangaza kwamba mvuta sigara hazikwi na blauzi nyekundu ya umoja, ng'o. Na kwa mama wa kule, jamani, kuzikwa bila ile blauzi ni sawa na kutupwa.

Siku ya majibu ya kipande kilichokatwa pafuni mwake, Mma Montsho akamsindikiza hospitali. Eti kumsindikiza! Alifuata umbea tu.

Daktari Visagie, kijana mpole, akawawekea kile kipande kwenye hadubini, ile mashine ya kukuzia vitu vidogo. "Tazameni. Seli nzima hizi, zimepangana kama matofali. Hizi za kansa, viini vikubwa, vyeusi, zimepandiana hovyo."

"Kama walevi wa tumbaku," akadakia Mma Montsho.

"Funga domo lako, mla ugoro wewe!" Mma Sebego akamkata.

Daktari akauliza, "Mama, umewahi kufanya kazi mgodini?"

"Hapana." Na hakudanganya. Aliyeandikwa mgodini ni marehemu mumewe.

Mma Montsho akacheka kwa pua. "Huyu? Kazi gani? Alikaa chini na nyundo kama sisi wote, tunawapasulia waume zetu mawe, tunachambua zile nyuzi za buluu. Vumbi mpaka kwenye kope. Hiyo nayo kazi?"

Daktari hakucheka. Akarudi kwenye hadubini, akasogezasogeza kioo chenye kile kipande, akakiachia mahali pamoja. "Njoo uone, mama."

Katikati ya ile nyama ya pafu ulilala uzi mwembamba, umevaa vijishanga vya rangi ya kutu.

"Asbesto hiyo, ndizo zile nyuzi za buluu za mgodini. Uliivuta na lile vumbi. Kansa ina visababishi vingi, siwezi kuapa, ila kwako mimi nashuku hiki kwanza."

Mma Montsho naye akainama kuchungulia. Alikaa pale mpaka ikawa aibu. Alipoinuka, akajipangusa kope kama bado zina vumbi.

"Enhe, mwenyekiti. Blauzi yangu?"

"Utazikwa nayo, dada."

"Leo dada!" Mma Sebego akasonya, msonyo mrefu huo. Kisha akamgeukia daktari. "Mpime kifua na huyu. Kwenye yale mawe, gunia la kukalia lilikuwa moja."