Chumba Chini ya Gome

Marehemu alikuwa anakufa mara ya pili, na safari hii alikuwa anafia shambani, wima, mbele za watu.

Yaani ule msonobari wake. Aliupanda mwenyewe pembeni mwa shamba, na tangu azikwe, ukoo ulikuwa umezoea kuusalimia kama mtu. Sasa kileleni ulikuwa mwekundu kama nywele zilizounguzwa na dawa, na chini, kuzunguka shina, kulikuwa na unga wa kahawia uliomwagika. Mjane wake aliinama, akauchota kwa kidole, akaunusa, kisha akatoa tusi moja fupi la nguoni.

Mbawakawa wa magome. Vidudu vidogo kuliko punje ya mchele, lakini vina roho mbaya ya mtu mzima. Vinatoboa gome na kutaga ndani, mabuu yanakula mti mpaka unakauka umesimama, kisha kizazi kizima kinaota mbawa na kuhamia kwa jirani. Na jirani hapa lilikuwa shamba lake zima, misonobari aliyoipalilia tangu ikiwa kimo cha goti. Hana pensheni nyingine. Dawa ni kuukata mti, kuumenya na kuchoma magome kabla watoto hawajaruka.

Kikwazo kilikuwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti ni shemeji yake, mdogo wa marehemu. Cheo hicho hakupewa na mtu. Siku moja alikaa kwenye kiti cha mbele na hakuinuka tena. Kwa desturi ya ukoo, mti aliopanda marehemu haukatwi mpaka kikao kiridhie, na kikao ni Mwenyekiti pamoja na usingizi wa wengine. Alishaahirisha mara kadhaa. Mara akidi haijatimia, mara amesahau miwani. Tena ni yeye aliyepigilia shinani kibao cha bati kwa misumari minene: HUYU ALIKUWA MUME MWAMINIFU.

Asubuhi hiyo mjane aliita fundi wa msumeno, ambaye wote humwita Kinyozi kwa jinsi anavyomenya gogo likang'aa. Walimkuta Mwenyekiti ameshafika, amevaa suti, amelikumbatia shina.

"Mzee, sogea, utomvu utakuharibia koti," Kinyozi alisema.

"Msumeno huo utanipitia mimi kwanza!"

"Ukupitie wa nini?" mjane akadakia. "Wewe huna hata mbao ya kutosha stuli."

"Shemeji, unataka kumkata kaka yangu?"

"Kaka yako tulishamzika. Huu ni mti, na una wadudu."

Kinyozi akaomba kumenya kipande kidogo tu. Kumenya si kukata. Mwenyekiti alitafuta kichwani kifungu cha kukataza hilo, akakosa. Fundi akachagua pale penye kibao, maana ndipo matundu yalipojaa.

"Mti ukijeruhiwa unatoa harufu," alieleza huku akichomeka panga. "Hawa wakiisikia, wanakuja kama walevi waliosikia chupa ikifunguliwa. Nani aligonga misumari hii?"

Mwenyekiti alitazama mawingu.

Gome likabanduka. Chini yake palikuwa na chumba kidogo kilichochimbwa vizuri, na kutoka hapo korido tatu zilitambaa kila moja na njia yake.

"Hiki nini?" mjane aliuliza.

"Chumba cha dume, mama. Yeye hutangulia, anachimba, halafu anatoa harufu ya kuita majike. Huyu ameita watatu. Kila mmoja na korido yake, anataga humo, wala hawapishani."

Mjane akaanza kucheka, kwanza puani, halafu kwa sauti, mpaka akashika mti asianguke.

"Shemeji! Huyu si ndiye kaka yako mtupu!"

"Heshima kwa marehemu!"

"Hapa sebuleni kwake. Korido hii ya yule mshonaji. Hii ya muuza simu. Na hii iliyopinda ni ya mwalimu wa kwaya, maana naye hakuwa amenyooka."

Mwenyekiti akakaa chini na suti yake.

"Ulikuwa unajua?"

"Mshonaji alilia msibani mpaka nikambembeleza mimi mfiwa. Leso yangu hajarudisha mpaka leo."

"Mimi nilijua hujui," alisema kwa sauti ndogo. "Kibao niliweka kwa ajili yako. Nikasema, watu wakinong'ona, angalau kuna maandishi."

"Kwa ajili yangu ukaniitia wadudu." Alifuta machozi ya kicheko, na mengine yaliyochanganyika humo. "Nilimpenda hivyo hivyo, mshenzi yule. Lakini shamba hili nililipalilia mimi, yeye akiwa koridoni. Hatakuja kulimaliza akiwa mti."

Mwenyekiti akainuka, akajipangusa, akakohoa.

"Kikao kimefunguliwa. Hoja?"

"Kata."

"Imepita. Kikao kimefungwa."

Mti ulianguka kwa kishindo cha mwenye nyumba. Wakaumenya wote watatu, Mwenyekiti amevua koti, anaruka kila buu jeupe likimdondokea mkononi. Wakachoma magome, kisha wakaenda kukagua misonobari iliyopakana nao.

Wa kwanza ulikuwa na matundu machache, yamezibwa na utomvu mgumu. Kinyozi akachokonoa moja: kidudu kimezama humo kama nzi kwenye asali. "Huu umepigana." Wa pili, vilevile. Wa tatu ndio uliokuwa mzuri kuliko yote shambani, mnyoofu tangu chini hadi juu. Shinani palikuwa na unga wa kahawia. Kidogo tu.

"Pengine umeletwa na upepo," Mwenyekiti alisema kwa upole.

Kinyozi akabandua gome. Chumba kipya, korido moja ndiyo kwanza inaanza.

"Huu alipanda nani?" Mwenyekiti aliuliza, mkono ukienda mfukoni kutafuta miwani.

"Mimi," mjane alijibu.

Aliugusa kwa kiganja, akauangalia mpaka kileleni, ambako bado ulikuwa kijani kibichi.

"Kata," akamwambia Kinyozi, na akaenda kuchukua panga la kumenyea.