Dirisha la Chumba Namba Nne

Mjini kati siku hizi haipiti wiki bila mtu kukata utepe. Juzi lilifunguliwa duka la makava ya simu, jana mgahawa ambao sahani zake ni pana kama ungo na chakula chenyewe kimekaa katikati kwa aibu, leo saluni ya kucha. Wanafunga maputo mlangoni, wanaleta spika mbili za kututoboa masikio mpaka adhuhuri, kisha maputo yanapasuka moja moja na biashara inaanza. Nami sina mdomo wa kulalamika, maana kila anayefungua anataka mapazia, na fundi mapazia ni mimi. Kufa kufaana. Pale alipokuwa akikaa fundi viatu, mzee aliyenitambua kwa mlio wa kandambili zangu kabla hajainua kichwa, sasa wanauza kahawa yenye povu. Mapazia ya pale nimeshona mwenyewe.

Nilikaa mtaa huo miaka kumi na saba, ghorofa ya kwanza, chumba kimoja, mimi na mdogo wangu. Mama alipofariki, mdogo wangu alikuwa darasa la tatu na mimi nilikuwa mpishi wa shule. Tulimwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza hata usingizini. Nilimlea. Nikamsuka, nikamchapa, nikamsomesha, nikamwamsha alfajiri kwa kumvuta kidole gumba cha mguu. Akapata nafasi chuo cha uuguzi. Zikiwa zimebaki siku tatu aende kuripoti, akasimama mbele yangu jikoni akaniambia haendi, anaolewa na fundi redio wa chini, na wanahamia kwao mwanamume, safari ya siku mbili kwa basi.

Mimi hasira zangu zinajulikana. Shuleni hata mwalimu mkuu alikuwa akipita nyuma ya jiko akisikia nagonga masufuria. Nilimwambia Chiriku, "Ukivuka mlango huu, sahau kwamba una dada." Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakujibu kitu. Akavuka.

Alipiga simu wiki mbili mfululizo na sikupokea. Siku ya kumi na tano niliichomoa laini nikaivunja kwa meno. Wanasema hasira hasara, na mimi nilitaka kuhakikisha. Mwezi haukuisha hasira zikawa zimekwisha, nikabaki sina namba yake, maana ilikuwa kwenye laini hiyo hiyo, na yeye hana yangu.

Kilichobaki kati yetu kikawa ni ile nyumba. Chiriku aliijua. Nikajiambia, akirudi atapanda ngazi zile zile, atapita ile ya nne iliyovunjika pembe, atagonga. Nikamngoja miaka sita. Mchumba mmoja mtu mzima, mjane, alitaka kunihamishia kwake kwenye nafasi na hewa nzuri, nikamwambia ahamie yeye kwangu. Hakuhamia. Kila jioni nilisikiliza miguu kwenye ngazi, nami nikawajua wapangaji wote kwa miguu yao, wala hapakuwa na miguu niliyoitaka.

Kisha nyumba ikauzwa. Tulipewa miezi mitatu tutoke. Nilipohama niliandika namba yangu mpya ukutani kwa mkaa, kando ya mlango, tarakimu kubwa kubwa. Nikamwachia fundi viatu namba hiyo. Nikamwachia na mama wa duka la mkate, na jirani yangu wa mlango wa pili. Niliona nimefunga kila upenyo. Lakini ukuta walipaka rangi, jirani akahamia kwa mwanawe, duka la mkate likawa mgahawa, na fundi viatu akakusanya misumari yake kwenye kopo akaenda nisikokujua. Miaka mitatu tu, na mtaa mzima hapakuwa tena na mtu wa kumwambia mtu niko wapi. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha upishi, moshi ulinishinda kifua, nikajifunza cherehani.

Kwa hiyo nilipoitwa kupima madirisha ya nyumba mpya ya wageni, nikasikia ni ile ile nyumba yangu, sikuenda kwa ajili ya mapazia. Nilikwenda na namba yangu ya simu imeandikwa kwenye karatasi, nimpe mtu wa mapokezi, nimwambie: akija mwanamke anaulizia dada yake, mpe hii.

Mwenye nyumba ni kijana nadhifu mwenye funguo nyingi kiunoni, wafanyakazi wanamwita Bosi Funguo. Alinipokea vizuri, akanitembeza.

"Mama, ungeiona hii nyumba zamani!" akaniambia. "Watu walikuwa wanaishi humu kama panya. Watu thelathini, choo kimoja!"

Nikacheka. Mpaka leo sijui kwa nini nilicheka. Tulikuwa ishirini na wawili, na choo kile tulikiosha kwa zamu, orodha imebandikwa mlangoni, na asiyeosha alisemwa mpaka anatamani kuhama. Lakini nilicheka nikasema, "Maskini ya Mungu." Ukishacheka hivyo, utarudi vipi kusema panya mmojawapo ni wewe? Karatasi ikabaki mkobani.

Nikapima. Namba moja, mbili, tatu. Katika kazi hii kila dirisha hupimwa, hata yakiwa kumi ya ukuta mmoja, maana madirisha ni kama mapacha, yanafanana usoni lakini hayavai kiatu kimoja. Hilo huwa nawaambia hata wateja. Kisha tukafika mlango wa namba nne. Mlango ulikuwa mpya, wa mbao nyekundu, lakini ulikuwa palepale pangu.

"Hiki kina mgeni," akasema dada wa mapokezi, msichana mpole anayetembea na daftari kifuani. "Hatujafungua rasmi, ila tumeanza kupokea wachache. Yumo ndani anapanga mizigo. Ngoja nigonge, atatupisha dakika mbili tu."

Alikwisha inua mkono. Nikamshika.

"Mwache mtoto wa watu," nikamwambia. "Dirisha hili nalijua."

"Unalijuaje, mama?"

"Madirisha ya nyumba hizi za zamani ni yale yale. Kazi yangu hii."

Nilimdanganya. Nalijua kwa sababu pazia la kwanza maishani mwangu nililishona kwa mkono kwa ajili ya dirisha hilo, Chiriku akiwa amenishikia taa na kunisimulia habari za shule nzima. Futi nne na nusu kwa tatu. Kipimo hicho ukiniamsha usingizini nakitaja. Na ukweli mwingine ni kwamba niliogopa. Niliogopa kukiona chumba kimepakwa rangi nyeupe, kitanda cha mtu mwingine kimekaa ilipokuwa mikeka yetu. Nikaandika kipimo nilichokuwa nacho kichwani, nikaenda namba tano.

Baada ya siku tisa nikarudi na mapazia yote. Kitambaa kizuri, kizito, rangi ya maziwa yaliyotiwa majani ya chai. Nilianza na vyumba vingine, yakakaa kama yalivyotakiwa, mpaka Bosi Funguo akapiga picha. Namba nne nikaiacha mwisho. Mgeni alikwisha ondoka, kitanda kimetandikwa.

Nikapanda kwenye kiti, nikapachika ringi, nikashuka, nikarudi nyuma kuangalia. Pazia lilikuwa linaning'inia katikati ya dirisha. Chini yake kioo kiliendelea karibu kufika sakafuni, na jua lote la mtaa likiingia miguuni kwangu. Humu peke yake walikuwa wamebomoa ukuta wakalishusha dirisha.

Bosi Funguo akaja mlangoni, akaangalia, akajaribu kujizuia, akashindwa.

"Mama fundi, hili pazia au kaptula?"

Dada wa mapokezi naye akaziba mdomo kwa daftari. Siku nyingine ningecheka nao. Lakini nilikuwa nimesimama ndani ya chumba changu, na hapakuwa na kitu hata kimoja kilichonijua. Hata dirisha lilikuwa limenikana. Nikajua kwamba Chiriku akija leo, akasimama barabarani akaangalia juu, hataona nyumba yetu. Atadhani amekosea mtaa, ataondoka. Hasira zikanipanda toka kwenye nyayo.

"Cheka!" nikamwambia Bosi. "Cheka, mwanangu. Nimekaa humu ndani miaka kumi na saba! Humu humu! Panya wako ni mimi! Na hatukuwa thelathini, tulikuwa ishirini na wawili, na choo kiling'aa kuliko hivi vyako vyenye maua! Nimepima kwa moyo, ndiyo, nimekosea, nitashona tena. Lakini usinichekee ndani ya nyumba yangu."

Kisha nikakaa kitandani, kwenye shuka lao lililonyooshwa, nikalia. Bosi Funguo akazishika funguo zake zisilie. Alionekana mdogo ghafla, kama mtu aliyekanyaga kitu cha mtu gizani.

"Samahani, mama," akasema. "Sikujua. Ungesema."

Hapo dada wa mapokezi akasogea. Alikuwa ananiangalia kwa namna nyingine.

"Mama," akasema polepole, "wewe uliwahi kuwa mpishi wa shule?"

Nikainua kichwa.

"Yule mgeni wa chumba hiki," akaendelea. "Tulipompa namba mbili alikataa, akasema anataka hiki, kiwe kizuri, kiwe kibaya. Alikaa siku nne. Kila asubuhi alitoka kumuulizia dada yake, mpishi wa shule, aliyekuwa anaishi kwenye nyumba hii. Mtaani hakuna aliyemjua. Shuleni wakamwambia aliacha kazi zamani. Mimi nilimwambia hapa hatumjui mpishi. Wewe nilijua ni fundi mapazia."

"Aliondoka lini?"

Aliangalia lile pazia fupi.

"Siku ile uliyokuja kupima. Alikuwa anafunga mizigo. Jioni akapanda basi."

Nilipaangalia mlangoni, upande wa nje, pale niliposimama nikamshika msichana mkono asigonge. Kutoka pale mpaka kitandani ni hatua tano. Mbao tu ndizo zilizotutenganisha, na mimi, mjuaji, mwenye vipimo kichwani. Angeniona na futi shingoni. Angeanza kuongea kabla sijafika dirishani. Nilimlilia mdogo wangu wakati ule kuliko nilivyomlilia miaka yote tisa, kwa sababu kwa miaka tisa nilimlilia akiwa mbali, na sasa nilimlilia mtu aliyekuwa hapa hapa nikampita.

"Kwenye daftari ameandika namba ya simu," nikasema. "Wageni wote wanaandika."

Bosi Funguo akakohoa. "Mama, daftari la wageni ni siri. Mtu akija hapa kesho akasema anamtafuta mkewe, nitampa? Sheria niliiweka mwenyewe, siku ya kwanza."

Na alisema kweli, ndiyo maana nilishindwa hata kumtukana. Tukashuka chini wote watatu. Pale mapokezi Bosi akasimama, akazungusha funguo, akazungusha tena. Kisha akanyoosha mkono akaitoa futi shingoni mwangu.

"Ngoja nikapime lile dirisha mwenyewe," akasema, akapanda ngazi bila kugeuka nyuma.

Dada wa mapokezi akalifungua daftari, akalipekua, akalilaza mezani limenielekea mimi, akasema anakwenda kuangalia birika kama limechemka. Hawana birika. Wana mashine ya kubonyeza.

Nikaujua mwandiko kabla ya jina. Herufi zimelala, zinakimbilia mbele, kama mwenyewe alivyokuwa anaongea. Kwenye nafasi ya sababu ya safari wengine wote wameandika biashara, au matibabu, au matembezi. Yeye ameandika: dada.

Nikabonyeza namba, nikakosea, nikabonyeza tena. Ikaita mara tano.

"Haloo." Sauti ya mtoto, wa kike.

"Haloo. Mama yako yupo?"

"Anafua. Wewe nani?"

Kwa miaka tisa nilikuwa nimepanga maneno mengi. Kulikuwa na ya kuomba radhi, kulikuwa na ya lawama kidogo, kulikuwa na ya kuuliza fundi redio anamtunza au hamtunzi. Hakuna hata moja lililopangwa kwa ajili ya mtoto.

"Mimi ni mama yako mkubwa," nikasema.

Akafikiri. Nilisikia anafikiri.

"Hapana," akasema, bila ubaya wowote. "Mama mkubwa wangu alipotea. Mama alienda kumtafuta na basi, hakumwona, akarudi analia. Akasema tusimuulize tena."

Nikashika ukingo wa meza. Na katika yote niliyotaka kumwambia mtoto huyo wa mdogo wangu, ambaye sikujua kama yuko duniani, ya upole na ya kumbembeleza, mdomo ukafungukia kule ulikozoea.

"Nimepotea nini!" nikafoka. "Nani kakwambia nimepotea? Mtu mzima na akili zangu nipotee wapi? Weka simu chini ukamwite mama yako sasa hivi, kabla sijafika huko!"

Nikadhani nimeharibu tena. Nikadhani amekata, na hataipokea tena namba hii, na nitakuwa nimeitafuna laini kwa mara ya pili.

Kisha nikamsikia, mbali na simu, akiita kwa sauti ya juu.

"Mama! Kuna mwanamke kwenye simu, anafoka tu!"

Nikasikia beseni likipinduka, na maji, na miguu ikija mbio.