Risasi Zilizoloa

Kila Ephraim aliporudi kutoka klabu ya shabaha, mkewe Hedwiga ndiye aliyeosha maganda ya risasi. Aliyaloweka kwenye beseni, akayakamulia limau, akatia sabuni, kisha akayasugua kama mama yake alivyosugua sinia za shaba kule Morogoro. Yakishakauka, Ephraim aliyajaza upya kwa mashine ya mkono iliyofungwa kwenye meza ya balkoni yao katika mtaa wa Berea, nchini kwao Ephraim: fataki mpya nyuma, baruti ndani, kichwa cha risasi mbele.

Alipopigwa na kiharusi, mashine ilifunikwa kitambaa. Mkono wa kulia haukuweza hata kufunga kifungo cha shati. Hedwiga alimfungia kila asubuhi, na Ephraim alitazama dirishani mpaka amalize. Baridi ilipoisha, mkono ukaanza kurudi. Akafunua mashine, akawa anajaza risasi moja kabla ya chai, nyingine baada ya chai, na hakutaka kusaidiwa. Jumamosi hii angerudi klabu, akalenge kwa risasi alizozijaza kwa mkono huohuo. Alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake wote.

Alhamisi asubuhi Hedwiga alikuta makopo mawili ya aiskrimu juu ya meza. Nyumbani kwao kopo la aiskrimu halikutupwa; moja lilikuwa na mchele, jingine uzi na sindano, mengine maganda. Ephraim alikuwa ameshuka kumfungulia fundi wa bomba. Hedwiga akayamimina yote mawili kwenye beseni bila kuchungulia, povu likafunika, akaenda kukamua mashuka.

Aliporudi na kutia mkono majini, vidole vyake havikukuta mdomo wa ganda. Vilikuta ncha. Akaitoa: risasi nzima. Akapapasa tena, akatoa nyingine, na nyingine.

Alizipanga juu ya taulo na kuzifuta. Ziling'aa kuliko zilivyokuwa. Angeweza kuzirudisha kwenye kopo, na hakuna ambaye angejua. Lakini Ephraim alikuwa amemweleza zamani kwamba maji yakipenya, baruti huwaka nusunusu, kichwa kikakwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata huipasua bastola mkononi mwa mwenye kulenga. Hedwiga alikaa kitini akamsubiri.

"Baba Suzan," alimwambia mumewe alipoingia, "nimeosha na zile ulizozijaza."

Ephraim alitazama taulo.

"Zote?"

"Zote. Nilikuwa nakamua mashuka, zimekaa majini."

"Eish." Aliokota moja, akaigeuza mbele ya dirisha. Akasema, kwa Kiswahili chake alichojifunza alipokuwa uhamishoni Tanzania, kwamba alizibana vizuri, pengine maji hayakuingia.

"Pengine," Hedwiga akakubali. "Na mimi nilitaka kuzirudisha na kunyamaza. Lakini mkono huo nimeufungia vifungo mwaka mzima, Baba Suzan. Sitaki kuufunga bandeji."

Ephraim alichukua taulo kavu, akaikausha mikono ya mkewe, maana bado ilikuwa imelowa. Halafu akasema kosa ni lake aliyeacha kopo bila alama, akaenda kuleta nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa vya risasi, ambayo hubana risasi ndani yake.

Hedwiga alishikilia ubao, Ephraim akagonga, kwa mkono wa kulia. Ulipochoka alipumzika, kisha akaendelea. Risasi za kwanza zilitoa baruti kavu, ikimwagika kama mbegu za mchicha. Akaanza kumtania mkewe kwamba wanavunja risasi nzima kwa wasiwasi wa bure. Ndipo moja ikagoma. Aliigonga mpaka kichwa kikatoka, na baruti ikafuata ikiwa donge jeusi, kama majani ya chai chini ya birika.

Alilitazama donge lile, akaufungua mkono na kuufumba. Utani ukaisha. Akamtilia mkewe chai kwanza, kisha akajitilia yake.

Zilizobaki walizing'oa zote, kavu na mbichi.

Jumamosi Ephraim alikwenda klabu hivyohivyo, bila risasi, kubandika karatasi za shabaha na kunywa chai na wenzake. Hedwiga alimfungia vitumbua kwenye kopo la aiskrimu. Kopo la risasi sasa lilikuwa na utepe mwekundu, limekaa tupu kando ya mashine, likingoja. Mlangoni Ephraim alisimama, akafunua kifuniko cha kopo la vitumbua, akachungulia.

"Nahakikisha tu, Mama Suzan," alisema, akatoka.