Bi Mdogo wa Nyuma ya Kiti

Nilimsikia mume wangu kwa masikio yangu haya mawili. Alikuwa amesimama uani, simu sikioni, amelipa mgongo dirisha la jikoni, anasema kwa sauti ya mtu mwenye furaha zake: "Bi mdogo aje kesho. Nimeshampimia nafasi, atakaa nyuma ya kiti. Bi mkubwa msimguse kabisa, huyo aachwe apumzike."

Nilitoka na mwiko mkononi. Nilisimama tu mbele yake mpaka akakata simu.

"Ni betri, mama watoto," akasema, akirudi nyuma hatua mbili. "Haki ya Mungu ni betri."

Kumbe ndivyo fundi wake wa umeme wa magari anavyoziita. Betri iliyokuja na gari ni bi mkubwa, kazi yake kuwasha injini, basi. Ya pili, ya kuendeshea makorokoro, ni bi mdogo. Katikati yao hufungwa kidude cheusi wanachokiita mlinzi. Gari likitembea, mlinzi anamruhusu bi mdogo ale. Gari likizimwa, anamfungia mlango asije akamaliza chakula cha bi mkubwa. Fundi alipokuja kesho yake alinieleza haya yote kwa adabu kubwa, macho yake yakiwa kwenye mwiko, maana nilikuwa bado ninao.

"Na yote haya ni kwa ajili ya mayai yako," mume wangu akaongeza.

Hapo akanipata. Nina mashine ya kutotolesha vifaranga, sanduku la mbao lenye kioo mlangoni, linachukua mayai mia na ishirini, nimeliweka stoo. Mara ya kwanza umeme ulikatika siku ya kumi na tisa kati ya zile ishirini na moja, nikaingiza jiko la mkaa, moshi ukawaua wote ndani ya maganda. Mara ya pili ulikatika siku ya ishirini, nikayafunika mayai kwa mablanketi yote ya nyumba. Hakutoka hata mmoja. Mtaani walishaanza kuniuliza kama siku hizi nauza mayai ya kuchemsha. Nikajiapia moyoni, bila kumwambia mtu, kwamba hii ya tatu ikiharibika mashine naitoa nyumbani na habari ya vifaranga isitajwe tena mbele yangu. Kwa hiyo mume wangu aliposema kwamba umeme ukikatika, bi mdogo ataendesha mashine siku nzima kupitia kisanduku kinachoitwa inveta, nilimwamini. Nikampikia fundi na chai.

Mume wangu ni mtunza stoo mstaafu. Miaka thelathini amewatolea watu vitu kwa saini, yeye mwenyewe hakuondoka hata na msumari. Nadhani ndiyo maana alipopata vyake hakujua kuacha. Siku ya tatu baada ya betri, akafunga taa mbili juu ya paa la pikapu. Pikapu yetu hubeba pumba na mabati, haijawahi kwenda kuwinda. Wiki iliyofuata taa zikawa sita. Ikaja friji ya kukaa katikati ya viti, iliyomeza soda tatu na kuikataa ya nne. Ikaja televisheni, ikaja birika la umeme, ikaja spika iliyokula nusu ya bodi, ikaja honi yenye milio saba, mmojawapo wa mbuzi. Ikaja kamera ya kumwonyesha kilichopo nyuma, naye mpaka leo akirudi nyuma hutoa kichwa nje ya dirisha. Dashibodi ikajaa swichi kumi na nne. Majina yake aliyaandika kwenye vipande vya karatasi, vikabanduka kwa joto, tukabaki na swichi ambazo yeye peke yake anazijua, na anazijua nusu.

Watu wakamwita Bwana Swichi. Alilipokea jina hilo kama mtu aliyepandishwa cheo. Nilipomwomba anibebee magunia mawili ya chakula cha kuku, aliyatazama magunia, akaitazama spika, akanishauri kwa upole nitafute mkokoteni.

Siku moja nikamkuta amelala chali chini ya dashibodi, ameshika waya mnene mwekundu. Spika inakoroma, alisema, bi mdogo hapati nguvu ya kutosha, kwa hiyo anamfungulia njia ya mkato. Sikuelewa, nikaenda zangu.

Siku ya ishirini ya mayai yangu ya mara ya tatu, saa nne asubuhi, feni ya mashine ikasimama.

Nilitoka mbio. Mtaa mzima hakuna umeme. Mume wangu alikuwa ameshafika kwenye pikapu, funguo mkononi, uso umemng'aa.

"Leo," akasema, "ndiyo siku yetu."

Akavuta waya kutoka kwenye pikapu, akaupitisha dirisha la stoo, akauchomeka kwenye mashine. Feni ikazunguka. Joto lilikuwa halijashuka hata nyuzi moja. Sitasema uongo, dakika ile nilimpenda sana mume wangu. Nikamshukuru mbele za watu.

Kosa langu ni hilo la mbele za watu. Maana walishaanza kukusanyika. Jirani yetu mshona nguo alileta simu yake na ya dada yake zichajiwe. Wakafuata wanaume wa kijiweni, na kila mmoja alishika simu mkononi. Bwana Swichi akawasha televisheni. Akawasha spika ili televisheni isikike. Akawasha taa sita za paa, jua linawaka, ili wazione. Friji ilikuwa inapoza soda zake tatu tangu jana.

Ilipofika saa tano na nusu nikamvuta pembeni. "Zima hayo. Iache mashine peke yake."

"Mama watoto, umeme wa humu hauishi."

"Basi washa hata injini."

"Injini ya nini? Ndiyo maana ya betri ya pili!" Akawageukia wageni wake. "Nani anakunywa chai?"

Akachomeka birika.

Inveta ikalia pii, ikalia tena pii ndefu, kisha ikatoa moshi mwembamba wenye harufu ya plastiki. Televisheni ikazimika mpira ukiwa hewani. Ndani ya stoo feni yangu ikasimama. Mume wangu akarukia usukani, akazungusha funguo. Pikapu ikasema tik. Akazungusha tena. Tik.

Fundi nilimpigia mimi mwenyewe, nikaweka sauti kubwa, na kijiwe kizima kikasikia.

"Haiwezekani, mama," akasema. "Hata bi mdogo aishe kabisa, bi mkubwa lazima awashe gari. Si mlinzi yupo katikati? Labda iwe kuna mtu amemruka huyo mlinzi."

Mume wangu alikuwa anasoma namba za gari lake mwenyewe kana kwamba ndiyo kwanza anaziona.

"Kuna waya mnene mwekundu," nikasema.

Fundi akavuta pumzi. "Basi bi mdogo amekula sahani zote mbili. Inveta msiiguse tena, hiyo imekufa. Gari lisukumeni. Mimi niko mbali, nitafika jioni."

Jioni! Kipimajoto cha mashine kilikuwa kimeshuka kutoka nyuzi thelathini na saba na nusu hadi thelathini na sita. Mayai manne yalikuwa na nyufa. Ukiyawekea sikio unawasikia wanagonga. Wanagonga watoke, na huku nje kunapoa. Nikakaa juu ya gunia la pumba nikalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira zaidi. Mume wangu akaja akasimama mlangoni, akaanza kunieleza habari za fyuzi.

Nikamkazia macho. Na kwa vile nilikuwa namtafutia neno la kumchoma, nikakumbuka vitu vyote vilivyomo ndani ya pikapu ile, kimoja kimoja, mpaka nikafika kwenye kitufe chenye mstari mwekundu. Hita. Tuliponunua gari alikigusa kwa bahati mbaya, tukatoka humo tumelowa jasho chapachapa. Hakikuguswa tena miaka sita.

"Ile hita bado ipo?"

"Hita gani?"

"Iliyokuja na gari."

"Ah, hiyo," akasema, na hata hapo hakukosa dharau kidogo. "Hiyo sikuifunga mimi. Inapata joto lake kwenye maji ya injini tu."

"Ndiyo maana itafanya kazi," nikamwambia. "Toa friji."

Walishusha friji, wakashusha na spika, watu wanne wakiguna. Mume wangu akazima swichi zote, na kwa haraka zake akabonyeza ya mbuzi kwanza. Nikapanga trei mbili za mayai ndani, moja mapajani kwake, moja katikati ya viti, taulo lenye maji pembeni ili hewa isikauke, kipimajoto nikakining'iniza kwenye kioo. Usukani nikakaa mimi. Wanaume wa kijiweni wakasukuma, wenye simu zilizochajiwa wakasukuma zaidi. Gia ya pili, nikaachia klachi, pikapu ikarukaruka, ikaunguruma mbele ya geti la mshona nguo.

Tukafunga vioo, tukafungua hita.

Sitaki kukumbuka joto lile. Nilizunguka mtaa polepole, kipimajoto kikipanda nashusha kioo kidole kimoja, kikishuka napandisha. Mume wangu alikaa wima, trei mapajani, nimemkataza kugusa swichi yoyote hata ya taa ya ndani. Hakubisha. Tulipopita watu walitupungia, naye hakuweza kupunga.

Mzunguko wa tisa, kitu kikalia. Pii. Pii.

Mume wangu akashtuka, akaanza kuzikagua swichi moja moja kwa macho. "Nimezima zote," akasema. "Naapa nimezima zote. Nini kinalia?"

"Tazama mapajani kwako."

Alikuwa ameshatoa kichwa, manyoya yameganda, nusu bado ndani ya ganda, anamlilia yeye. Jasho lilikuwa linamtiririka mume wangu mpaka kidevuni, akalifuta kwa bega ili asiitikise trei. Alipotoka wa pili, akaanza kumwambia polepole, "Njoo, njoo baba, njoo."

Umeme ulirudi saa kumi, tukarudisha trei kwenye mashine. Fundi alipofika jioni, vifaranga tisini na mmoja walishatoka. Wa mwanzo, waliokwishakauka, nilikuwa nimewahamishia kwenye boksi uani. Wanaume wa kijiweni walikuwa wameizunguka pikapu, wanataka waonyeshwe hicho kifaa kinachototolesha. Nikauma meno. Nilijua atakachosema: mfumo maalumu, kaufunga kwa mikono yake, swichi namba fulani.

"Ni bi mkubwa," mume wangu akasema.

Fundi akainua kichwa kutoka kwenye injini. "Hapana, mzee. Bi mkubwa alikuwa hana kitu tangu asubuhi. Si ndiyo maana mlisukuma?"

"Simsemi huyo wa kwenye boneti," akasema.

Niliinamia boksi, nikaanza kuwahesabu vifaranga upya, ingawa nilikuwa nimeshawahesabu mara tatu.