Gari Lisilo na Kosa

Spana ya magurudumu ilitua kwenye kioo cha mbele, na Gong Dehai akafurahi kuliko siku aliyooa. Akatwanga tena. Gari jeupe lisilo na dereva lilitulia tu katikati ya barabara ya stesheni, Wuhan, likimulika taa za tahadhari kwa adabu, kama mtu aliyekanyagwa mguu halafu akaomba radhi yeye.

"Mjomba Gong, nimo humu!" Bi Rui alipiga kelele. Ndiye msimamizi ambaye kanuni ya jiji ilimtaka akae kiti cha nyuma. Damu ilimchuruzika kwenye nyusi. Kila asubuhi yeye na Gong walikula tambi za ufuta kwenye kibanda kimoja.

"Si utoke! Nani kakuambia ukae ndani ya jeneza?"

"Unajisumbua bure. Likimaliza kilomita elfu kumi bila kosa, halmashauri inayafungulia magari haya barabara yote ya stesheni, na mimi natolewa kitini. Kupigwa na mwehu si kosa la gari. Labda ligonge mtu."

Spana ikashuka. Miaka ishirini na miwili Gong alikuwa ameendesha teksi, na abiria wake wote walitoka stesheni hiyo.

"Mtu gani?"

"Usinitazame mimi!"

Polisi wakamweka ndani siku tano. Alipotoka, gari lilikuwa na kioo kipya na kilomita arobaini tu za kumaliza.

Gong akajibanza nyuma ya nguzo ya daraja. Gari likatokea. Nyuma yake, karibu kulilamba, teksi ya rafiki yake Pi Shuangxi ilipiga honi mfululizo. Dereva wa Wuhan akiacha nafasi mbele yake, wenzake humcheka mwezi mzima.

Gong akaruka barabarani.

Gari likasimama shubiri moja kutoka kwenye goti lake. Alipata hata muda wa kulitukana. Kisha teksi ya Pi ikalivaa kwa nyuma, gari likarushwa mbele, na mfupa wa mguu wa Gong ukakatika kwa mlio wa muwa mkavu.

"Kaka! Unafanya nini barabarani?" Pi alilia.

"Nagongwa, mbwa wewe! Nani alikuita?"

Trafiki alichuchumaa, akapima, akaandika.

"Limenigonga!" Gong alimng'ang'ania suruali kwa mikono yenye damu. "Andika, limenigonga!"

"Limesukumwa, mzee. Kosa ni la aliye nyuma." Akamgeukia Pi. "Leseni."

Pi akakaa chini palepale, kwenye lami.

Bi Rui alichungulia kioo kidogo cha kuonyesha kilomita kilichokuwa mbele ya kiti chake. "Bado linahesabu, mjomba," akasema, naye karibu alie.

Walipompakia Gong kwenye machela, gari liliwasha indiketa, likaizunguka damu yake taratibu, likashika njia ya stesheni.