Ng'ombe Tisa kwa Mwenyekiti

Mimi naitwa Mabula, na kabla sijaanza niseme kabisa: sipendi serikali ije nyumbani kwangu. Ijenge barabara, ikae hukohuko barabarani. Ikamate wezi, itengeneze daraja, basi, inatosha. Ikishaanza kuniuliza nina watoto wangapi na ng'ombe wangapi, hapo tunakosana. Watu wa kijiji chetu, Mamba, wananiita mbishi. Sawa, waniite.

Rafiki yangu Leodgar ni kinyume changu kabisa. Yeye ni Mpimbwe, mwenyeji wa huku, mkulima wa mpunga, Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele, na alikuwa mwenyekiti wa kitongoji chetu kwa miaka kumi na moja. Kwake yeye serikali ni mzazi. Isomeshe, itibu, ipange bei, igawe mbolea, imchukulie mwenye nacho impe asiye nacho. Kila jioni tulikuwa tunakaa pale kwenye mashine ya kukoboa ya Hezron, redio inaongea, na sisi tunabishana mpaka Hezron anafunga.

"Nani alikuchimbia kisima, Msukuma wewe?" ananiuliza.

"Serikali. Na pampu imekufa mwaka wa tatu. Ningekichimba mwenyewe ningekuwa nimeshaitengeneza."

"Ungekichimba mwenyewe ungekizungushia miiba, tusichote."

Watu wanacheka. Mimi nanuna, kesho yake narudi tena. Niseme ukweli, hakuna saa niliyoipenda kama ile.

Sasa mjue jambo moja. Kwetu Usukumani mwenye ng'ombe hasemi idadi. Hamwambii mgeni, hamwambii ndugu, mke wake pia hamwambii. Ukiulizwa unajibu, "Wapo wapo tu." Nyanzala, mke wangu wa miaka thelathini, anajua kila kitu changu, mpaka jino linaloniuma, ila hiyo hajui. Na mimi nina sababu zaidi ya mila. Zamani, kabla sijahamia huku, tuliambiwa tujiandikishe ili tupewe malisho. Tukajiandikisha kama wajinga. Malisho hayakuja, ikaja orodha iliyoongezwa idadi ya uongo, na waliokuja nayo wakasema nina ng'ombe wengi mno. Wakawachukua arobaini, wakawafungia kwenye zizi lisilo na maji siku nane. Niliwakuta wamelala, hawaamki tena. Sitaki kusimulia zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mwaka jana lilipopita tangazo la kipaza sauti, kwamba ng'ombe wote watachanjwa na kuvishwa hereni zenye namba, na jina la mwenyewe linaingia kwenye mtambo, damu ilinichemka. Leodgar alifurahi kama aliyeposa akakubaliwa. Mimi nilirudi nyumbani nikaanza kutawanya. Kundi kubwa wanangu walilipeleka mbugani, mbali huko. Nyumbani nikabakiza thelathini wa kuonyesha. Lakini walikuwepo tisa ambao wasingeweza mwendo: ndama wachanga na mama zao, na wenye mimba, akiwemo yule mweusi wa pembe moja, wa ukoo wa ng'ombe aliyenipa mama yangu. Hao tisa ndio roho yangu. Wakipotea hao, mimi sina cha kuwaachia wanangu ila hasira.

Nikawapeleka kwa Leodgar. Ana zizi kubwa na maksai wawili tu ndani yake. Nikajisemea, nani atatafuta ng'ombe waliofichwa nyumbani kwa mwenyekiti?

Hakupenda. "Mabula, mimi nitawahimiza watu wavishe hereni mchana, halafu nifiche wako?"

"Hufichi. Wapo kwako wanakula mabua ya mpunga. Nani atakuuliza?"

Akakuna kichwa, akafungua zizi. Huyo ndiye Leodgar. Akikosa jibu anafungua mlango.

Jamani, kuna watu tunajiona werevu! Sikufikiria kitu kidogo kabisa, kwamba wageni wa serikali wakija kitongojini wanafikia kwa mwenyekiti. Na wakiwa na hereni, wanaanza na mwenyekiti ili wengine waone mfano. Siku ya tatu nikapita kwake, nikakuta ng'ombe wangu wote tisa wana vibati vya njano masikioni. Yule mweusi alikuwa anatikisa kichwa kama anamfukuza nzi.

"Umeandika jina la nani?" nikauliza. Sauti yangu mwenyewe sikuitambua.

Uwanja ulikuwa bado umejaa watu. Leodgar akanivuta pembeni. "Langu. Tuongee baadaye, watu wengi hapa."

Baadaye! Mtu anakuambia ng'ombe wako ameandikwa jina lake, halafu anasema baadaye. Nilirudi nyumbani sikula.

Basi kuanzia siku ile macho yangu yakawa si yangu. Nilimwona fundi anabadilisha miti ya zizi la Leodgar, nikasema anajenga kwa ajili ya ng'ombe wangu. Nikamwona mchuuzi wa mnadani anaongea naye barabarani, nikasema bei wameshapatana. Mke wake Verdiana, ambaye siku zote ananikaribisha kwa maneno mengi, akanisalimia kwa mkato, "Shikamoo shemeji," akaingia ndani. Nikajiambia, anaona aibu, anajua. Kumbe alikuwa na ugali jikoni, lakini wakati ule ungeniambia nini? Miaka yote nilikuwa naiogopa serikali ya kutoka mjini, na kumbe ilikuwa imekaa na mimi pale kwa Hezron, inacheka na mimi, inaniuliza habari za mifugo.

Ijumaa Leodgar akanifuata. "Jumatatu twende wote wawili kwa mtendaji," akasema. "Tukaseme ukweli wote, jina libadilishwe. Mimi nitasema langu, na wewe utasema lako."

"Langu lipi?"

"Kwamba uliwaficha."

Nikamwangalia usoni. Nikaona, ahaa! Anataka nikiri mbele ya mtendaji. Nikishakiri nimeficha tisa, wataniuliza wengine wako wapi. Nitapigwa faini, watafuata kundi mbugani, na yeye atabaki na hao tisa kwa maandishi. Nikamjibu, "Sawa, Jumatatu." Moyoni nilikuwa nimeshapanga Jumapili.

Jumapili, saa nne asubuhi, familia yake yote iko kanisani. Nikafungua zizi, nikatoa ng'ombe wangu kwa mluzi. Maksai wake sikuwagusa. Mimi si mwizi. Tulikwenda polepole kwa sababu ya mimba na ndama, na kabla ya kufika darajani nikamkuta Alois, mgambo, amesimama na fimbo yake. Pembeni yake, kwenye pikipiki, Mercy, afisa mifugo, yule binti aliyewavisha ng'ombe hereni.

"Kibali cha kusafirisha?" Alois akauliza.

"Kibali cha kwenda nyumbani kwangu?"

Mercy akasogeza simu yake kwenye sikio la yule mweusi, ikalia. Akasoma, akaniangalia kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniudhi. "Mzee Mabula, hawa ni wa mwenyekiti."

Haukupita muda, watu wakajaa. Wengine walitoka misa, wengine mnadani. Mtendaji akafika. Leodgar naye akaja, amevaa shati lake jeupe la kanisani, anahema.

Mtendaji akamuuliza mbele ya wote, "Mwenyekiti, ng'ombe hawa ni wa nani?"

Niliona mikono ya Alois inajiandaa kunikamata. Neno moja tu, "wangu," na mimi ningelala rumande Mpanda kama mwizi wa mifugo.

"Ni wa Mabula," Leodgar akasema. "Wote tisa."

Nikashusha pumzi. Lakini mtendaji hakuishia hapo.

"Kama ni wa Mabula, kwa nini jina ni lako?"

Leodgar hakumjibu. Aligeuka akaniangalia mimi. Alingoja. Nilijua anachongoja, maana tulikuwa tumekubaliana Jumatatu kila mtu aseme lake. Kumbe ndiyo maana aliandika jina lake siku ile: walipomuuliza ni wa nani, kama angesema ni wa Mabula, ningejulikana nimeficha, na kama angesema hajui, wangechukuliwa. Mtu aliyeamini karatasi za serikali kama misale ya kanisani aliandika uongo kwenye mtambo wa serikali ili mimi nisiguswe. Nililiona hilo pale pale, waziwazi. Na bado sauti ndani yangu ikaniambia, huu ni mtego, nyamaza.

Nikanyamaza.

Naye akanyamaza. Hakunisema. Aliangalia chini kwenye viatu vyake, na watu wakaanza kunong'ona. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe anaiba kwa kalamu!" Wakacheka. Leodgar alichukua fimbo kutoka mkononi mwangu, akawarudisha ng'ombe zizini kwake, kwa sababu mtendaji aliamuru wakae huko mpaka mkutano wa kitongoji uamue.

Wiki mbili zile sitaki zirudi. Kila nilipopita nilipewa pole. Pole Mabula, umeponea chupuchupu. Watu walewale aliowaandikia barua za hospitali na kuwasimamia kwenye mbolea wakawa wanakumbuka vitu. Huyu anasema mfuko wake wa mbolea ulipungua. Yule anasema alijua siku nyingi. Mimi nilikuwa nimewafundisha, pale pale kwa Hezron, kwamba kila mwenye mhuri ni mwizi, na sasa walikuwa wamenielewa vizuri sana. Kwa Hezron sikwenda. Ningekaa na nani?

Nyumbani, Nyanzala aliacha kuniita Baba Shadrack. Jioni moja aliniwekea chakula akabaki amesimama.

"Wale waliokuchukulia ng'ombe wako arobaini," akasema, "walikuwa na maandishi ya uongo, au siyo?"

"Ndiyo."

"Na kuna mtu alijua ukweli akanyamaza?"

Nikainamia sahani.

"Basi kula," akasema, akaenda zake. 

Mkutano ulikuwa Jumamosi, uwanja wa shule. Ajenda ilikuwa moja: kumwondoa mwenyekiti. Leodgar alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele, peke yake, mikono magotini. Verdiana alikuwa upande wa wanawake, kajifunika kanga mpaka machoni. Mtendaji akasoma tuhuma: kujiandikishia mifugo isiyo yake. Akamwuliza kama ana la kusema.

"Sina," Leodgar akasema.

"Wananchi, mnaoafiki aondolewe, nyoosheni mikono."

Mikono ikaanza kupanda, mingi, na mimi pia nikanyoosha wangu. Watu wakageuka, walidhani napiga kura. Leodgar naye aliuona mkono wangu, na sura yake sitaisahau.

"Sipigi kura," nikasema. "Nataka kuongea."

"Ongea, mzee."

Nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, kuhusu faini, kuhusu arobaini wa zamani, kuhusu haki ya mtu na mali yake. Yote yakaniponyoka.

"Wale ng'ombe nilimpelekea mimi," nikasema. "Niliwaficha. Hakutaka, nikamlazimisha. Aliandika jina lake ili nisikamatwe. Pale darajani alikuwa ananingoja niseme, nikaogopa. Mwizi wa siku ile ni mimi, niliiba jina lake."

Mikono ikaanza kushuka mmoja mmoja. Mtendaji akaweka kalamu chini. Hakuwa mjinga.

"Sawa," akasema. "Mtu aliyeficha tisa leo anakiri. Nitaaminije kwamba si mmepanga nyie wawili? Mzee Mabula, una ng'ombe wangapi kwa jumla?"

 Wasukuma wenzangu walioegemea baiskeli kule nyuma waliangalia pembeni, kama mtu anayeona mwenzake anavuliwa nguo. Mzee mmoja akakohoa. Jibu lilikuwa hapo mdomoni, la baba yangu na la babu yangu, wapo wapo tu. Ningelisema, hakuna ambaye angenilaumu.

"Mia moja na kumi na saba," nikasema.

Nilimsikia Nyanzala. "Ati wangapi?" Miaka thelathini!

Mtendaji naye alidhani hakusikia. "Mia na ngapi?"

"Mia moja na kumi na saba!" nikapiga kelele. "Thelathini nyumbani, tisa kwake, waliobaki wako mbugani. Andika! Andika jina langu, Mabula, na mje mnikute!"

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Mtendaji akachukua kalamu, akaandika. Mercy naye alikuwa anaandika kwenye simu yake.

Leodgar alikuwa bado kwenye kiti chake cha plastiki. Wiki mbili alikuwa hajasema nami neno, na hata sasa hakuniangalia. Alimwinamia mtendaji, akanyoosha kidole kwenye karatasi, kama alivyozoea kufanya kila mtu anapokosea kujaza fomu.

"Kumi na nane," akasema. "Yule mweusi amezaa jana."