Ng'ombe 001 Mpaka 212

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Kelvin alikuja Mpanda ili mwenyeji augue. Alikuwa meneja mpya wa redio, kijana wa shule, suruali yenye mstari wa pasi. Wiki ya kwanza alifungua kompyuta ya maktaba ya sauti, akaona maelezo marefu chini ya kila faili, akashika kiuno.

"Dada Theopista, haya ni mafaili au ni barua?"

Theopista alikuwa amezikusanya sauti hizo kwa miaka kumi na moja, kwa bodaboda na kwa miguu: wanawake wakitwanga mpunga kijijini Mamba, viboko wa Sitalike, warina asali wa Inyonga porini. Kila sauti aliiandikia ni ya nini, ni ya wapi, saa ngapi, msimu gani, nani alikuwa akifanya, na isitumike wapi. Ulipomwomba ng'ombe wanaorudi jioni wakati wa masika, aliandika maneno matatu tu, ikaja sauti moja, nayo ndiyo yenyewe.

"Ni maelezo," alisema. "Bila hayo hupati kitu."

"Tutatumia aina na namba. Ng'ombe moja, ng'ombe mbili. Mpaka Ijumaa uwe umeyafuta."

"Sifuti."

"Umesemaje?"

"Nimesema sifuti. Kama unataka yafutwe, mikono unayo."

Na kweli alifuta. Ndani ya nusu saa, miaka kumi na moja ikageuka Ng'ombe 001 mpaka Ng'ombe 212, Mvua 001 mpaka Mvua 096. Theopista alikaa palepale akimwangalia. Moyo ulimuuma, lakini hakutoa chozi, maana hakutaka kumpa raha hiyo.

Jumatatu ilikuwa zamu ya mchezo wa redio. Shadrack, mtayarishaji, alihitaji ng'ombe wa mahari wakiingia nyumbani kwa kina binti. Akatafuta "ng'ombe", akaletewa mia mbili na kumi na mbili. Alisikiliza tisa, muda ukambana, akachukua ya kumi kwa sababu ng'ombe wake walilia kwa nguvu, akadhani ni shangwe. Theopista aliisikia kupitia mlangoni, akaitambua papo hapo. Angeweza kusema. Alinyamaza, na wala hakuona haya.

Mchezo ulipoingia hewani mchana, simu ya studio iliita kabla bibi harusi hajatoka ndani. Alikuwa Nkwabi, mfugaji wa upande wa Mamba.

"Nyie watu wa redio! Hao ng'ombe wamenusa damu, wanalia pale mwenzao alipochinjiwa. Ng'ombe wa mahari wanaingiaje na kilio hicho? Huyo binti mnamtakia nini?"

Nyuma yake wakapiga wengine kumi na saba, wafugaji watupu, wote wakali. Mama mmoja alidai harusi yenyewe ivunjwe. Kelvin alikisikiliza kilio kile mara tatu, na mara zote tatu alisikia ng'ombe tu. Hapo ndipo hofu ilipomshika.

"Dada, maelezo yalisemaje?"

"Umeyafuta wewe, unaniuliza mimi?"

Alimwacha ahangaike kidogo. Kisha akafungua kabati, akatoa madaftari matano makubwa, kingo zimeliwa na jasho. Kila kitu alikiandika kwanza kwa kalamu, hukohuko porini, ndipo akakiingiza kwenye kompyuta.

Kelvin alishusha pumzi, akafunua la juu, kwenye ukurasa wa mwanamke mmoja aliyetwanga mpunga Mamba. "Mungu mkubwa. Tuyarudishe leo. Ila majina ya watu tuyaache. Mahali na msimu vinatosha. Nani atamtafuta Scolastica kwenye kompyuta?"

"Basi yanarudi kabatini."

"Dada, kuwa na busara."

"Busara ninayo. Scolastica alitwanga saa nzima juani ili mimi nipate dakika mbili. Leo umejua ng'ombe wana habari zao, watu je? Ama yote, ama hakuna."

Kelvin alimtazama, akatazama simu, akavuta kiti. Yeye akasoma, Theopista akaandika.

"Kutwanga mpunga. Mamba, asubuhi, baada ya mavuno. Isitumike kwenye msiba." Akafunua ukurasa wa pili.

Theopista aliondoa vidole kwenye kibodi, akakunja mikono kifuani. Simu iliita mpaka ikakata. Shadrack alichungulia mlangoni, akaona hali, akarudi alikotoka.

Kelvin alirudisha ukurasa.

"Scolastica Severini," alinong'ona.

"Kwa sauti, bosi."

"Scolastica Severini!"

Theopista akaandika.